Bidada wa Minnesota, sili haikukuibia! Acha kumchafua fundi wa watu kwa ajili ya kiki

MTANDAONI hakukaliki. Ukifungua simu tu unakutana na ile klipu: bidada mmoja wa Kibongo anayekula bata Minneapolis, kajifunga skafu hadi puani, nyuma yake ndinga nyeusi imekaa juu ya theluji, na chini ya ndinga kuna doa la oili kama ramani ya Ziwa Victoria. Analia. Anasema fundi Mswahili mwenzake kamtapeli, kamfungia sili feki, kala dola zake 1,400, na ndani ya siku tisa oili imemwagika tena yote. Anautaja mtaa. Anasogeza kamera hadi kibao cha gereji kisomeke. Halafu, machozi hayajakauka, anawakumbusha wafuasi wake kwamba ile poda ya uso bado iko kwenye ofa.

Klipu ikatembea. Staa mmoja mkubwa wa Bongo Fleva, ambaye hata gari za kwenye video zake ni za kukodi, akaiposti na kuandika kuwa mafundi Waswahili ni wezi kokote waliko, ukiwapeleka Ulaya wanaiba kwa Kizungu. Mchekeshaji mmoja wa Nairobi akaiigiza akiwa amevaa ovaroli. Basi ikawa ruhusa. Watu wa Mbagala, Kisauni na Kayole ambao hawajawahi kuiona hiyo Minnesota hata kwenye ramani wakaingia kwenye ukurasa wa gereji na kumwaga nyota moja moja. Matusi ya nguoni. Wengine wakafukua picha za mke wake.

Na hapo ndipo mzaha unapoisha. Kwa mujibu wa watu wawili wanaoijua gereji ile, jamaa alikuwa na vijana wawili anaowalipa, mmoja kashamwambia apumzike kwanza. Wateja wake wakubwa ni hao hao Wabongo, Wakenya na Wakongo wa mji ule, watu wanaoletana kwa neno la mdomo, msibani, harusini na kanisani. Neno la mdomo likigeuka, gereji ya namna hiyo haina tangazo la kuiokoa.

Sasa tuseme bila kuzungukazunguka: bidada hakuibiwa. Sili haikuwa feki. Kilichoiua sili yake ni baridi, akisaidiana nayo yeye mwenyewe na simu yake. Na kibaya zaidi, alishaambiwa.

Tulia kidogo, maana hapa ndipo injini inapoingia. Haina ugumu.

Ndani ya injini kuna lile pini kubwa linalozunguka, krenki. Linatokeza nje nyuma ya injini ili kuizungusha giaboksi. Pale linapotokeza kuna pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaolamba chuma, kazi yake kuzuia oili isitoke. Hiyo ndiyo sili ya nyuma ya krenki. Yenyewe bei yake ni ndogo, ukiiona mkononi utacheka. Lakini iko katikati ya injini na giaboksi, kwa hiyo kuifikia lazima giaboksi ishuke. Dola 1,400 za bidada ni za jasho la masaa ya kulala chini ya gari, kufungua na kufunga. Anayesema kalipishwa 1,400 kwa kipande cha mpira ni sawa na anayelalamika kwamba daktari kamtoza pesa nyingi kwa uzi wa kushonea.

Tena sili hii haikai kwenye presha ya pampu ya oili kama wengi wanavyodhani. Oili inayoifikia ni ile inayorukaruka na kudondoka. Mdomo wake mwembamba umeumbwa kuzuia vitu vidogo. Kinachoweza kuisukuma nje ni hewa, hewa iliyojaa ndani ya injini na kukosa pa kutokea.

Hewa hiyo inatoka wapi? Petroli ikilipuka juu ya pistoni, gesi kidogo siku zote hupenya kwenye ringi na kushuka chini kwenye oili. Hata injini mpya kabisa hufanya hivyo. Ndiyo maana injini imewekewa bomba la kupumulia, lenye vali watu wa gereji wanaiita PCV, linalonyonya zile gesi na kuzirudisha kwenye njia ya hewa zichomwe upya. Injini inapumua, maisha yanaendelea.

Lakini ndani ya gesi zile kuna maji. Hapa ndipo wengi wanapobisha, wakati ni kemia ya sekondari: petroli ikiungua hutoa maji, na lita moja ya petroli huzaa takriban lita moja ya maji. Mengi hutoka kwa egzosi yakiwa mvuke. Ule moshi mweupe unaopendeza kwenye video za asubuhi ya theluji ndio hayo maji yenyewe. Kiasi kidogo kinapenya na gesi kuingia kwenye oili. Injini ikipata moto vizuri na gari likatembea, mvuke unanyonywa na kuondoka, hamna shida. Injini isipopata moto, mvuke unaganda kwenye kuta za ndani, unachanganyika na oili, unakuwa ule uji mweupe kama mayonezi chini ya kifuniko cha oili. Mwingine unaingia kwenye bomba la kupumulia, unakutana na hewa ya nje ya nyuzi 25 au 30 chini ya sifuri, na unakuwa barafu. Leo barafu nyembamba, kesho nyingine juu yake. Siku ya tano bomba limeziba.

Injini imezibwa pua na mdomo, na bado inaendelea kutengeneza gesi. Presha inapanda. Inatafuta penye udhaifu. Mara nyingine hurusha kijiti cha kupimia oili kikatoka kwenye tundu lake. Ikikosa hapo inausukuma mdomo wa sili ya nyuma, na oili inafuata. Ukichelewa kuzima, dakika chache tu injini inabaki kavu na kuanza kugonga.

Kumbuka pia mpira wenyewe uko katika hali gani. Baridi kali huukakamaza mpira na kuusinyaza kuliko inavyosinyaza chuma. Sili ambayo imepikwa na joto la injini miaka minane ilishakuwa ngumu tangu kiangazi, ilikuwa inajikaza tu. Sili huzeekea kwenye joto, baridi huja kumalizia. Zipo za silikoni zinazovumilia baridi zaidi, lakini hata hizo hazikutengenezwa kuwa mlango wa kuzuia injini iliyozibwa pumzi.

Mtu wa Dar hawezi kuyaona haya, na si kosa lake. Hata wa Makete, ambako mwezi wa saba asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa jalidi na watu wanaota moto hadi saa nne, baridi yake inaishia jirani na sifuri. Minneapolis ni habari nyingine. Tarehe 30 Januari 2019 mji ule ulishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, baridi ambayo Posta ya Marekani yenyewe ilisitisha kupeleka barua Minnesota siku hiyo. Na huo ni ubaridi wa hewa, upepo haujahesabiwa. (Kwa wale wanaopenda kuposti kwamba inahisi kama hasi 45: ule upepo unaipoza injini haraka, ila hauwezi kuifanya iwe baridi kuliko hewa yenyewe. Chuma hakina hisia.)

Tukirudi kwa bidada. Usichukue maneno ya mtu yeyote, rudi nyuma kwenye ukurasa wake mwenyewe uangalie alichokuwa anaposti kabla ya kilio. Ushahidi wote kauweka hadharani na mziki juu.

Karibu kila asubuhi ya baridi kali ana video. Yuko kitandani, kope zimebandikwa, anabonyeza rimoti, nje ndinga inawaka na kutoa wingu jeupe. Anatoka na kaptula na buti za manyoya, anarusha maji yaliyochemka hewani yanageuka ukungu kabla hayajagusa ardhi. Anapanda gari, anapiga resi mpaka egzosi inalia, anacheka, anazima, anarudi ndani. Mwisho wa stori. Gari halijatembea hata mita moja. Kuna siku moja nguo ni zile zile lakini kuna teki tatu, unaona kabisa theluji ya kwenye kioo ilivyopungua kati ya teki na teki. Maana yake kaiwasha na kuizima mara tatu ili wingu la moshi litoke zuri.

Bidada kazi yake ni ya mtandaoni, haendi ofisini. Safari za gari zinazoonekana ni za dukani, dakika tano kwenda, dakika tano kurudi. Oili inachelewa kupata moto kuliko maji ya rejeta. Ile sindano ya joto ikipanda kidogo usidhani oili nayo imeshachangamka. Kwa hiyo gari lile kwa wiki nzima lilikuwa linaingiziwa maji tu ndani ya injini, halipewi joto la kuyatoa. Kama ungemwomba mtu abuni njia ya kuzibisha bomba la kupumulia kwa barafu, angekuja na ratiba ya video za bidada.

Mamlaka za nishati za Marekani kwenyewe zinasema gari la kisasa liachwe liungurume kama nusu dakika tu, kisha uondoke taratibu, bila kukanyaga, maana injini inapata moto haraka zaidi ikifanya kazi kuliko ikisimama. Na watu wa maeneo yale yenye baridi wana hita ya injini, waya unaochungulia mbele ya gari kama ulimi, unachomekwa kwenye umeme usiku. Winnipeg na Edmonton, upande wa Kanada, utakuta maegesho yana soketi za umeme, mtu anachomeka gari kama simu. Gari la bidada nalo lina huo waya. Unaonekana kwenye video zake mbili, umefungwa kwa utepe wa plastiki, haujawahi kufunguliwa.

Mara ya kwanza gari lilipomwaga oili lilivutwa hadi gereji ya jamaa. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanaotukana hawalijui, na ndilo linalofanya kesi za namna hii zifanane na wizi. Gereji za kule zina joto ndani, la sivyo fundi mwenyewe angeganda. Gari likishalala ndani usiku mmoja, barafu kwenye bomba inayeyuka. Asubuhi fundi anafungua boneti anakuta bomba liko wazi, linapitisha hewa kama kawaida, na sili imetoka. Aliyeua ameshakuwa tone la maji sakafuni. Fundi mgeni atabadilisha sili, atafunga, atasema ilikuwa imezeeka. Baridi ikirudi, sili mpya kabisa inarushwa vile vile.

Jamaa huyu si mgeni. Alianzia Gerezani pale Dar kama wengi, lakini ameshakula baridi ya Minnesota miaka ya kutosha. Waliokuwepo wanasema alipofungua boneti tu aliona kijiti cha oili kimechomoka nusu, akafungua kifuniko cha oili akakuta ule uji mweupe, akajua. Akampigia bidada simu. "Dada, nikifunga sili peke yake itarudi. Tubadilishe na bomba la kupumulia na vali yake, tulifunge sponji la kuzuia baridi, na wewe uliendeshe gari angalau nusu saa mara mbili tatu kwa wiki." Bidada akauliza bila hayo ni shilingi ngapi. Akatajiwa. Akasema kaka fundi, weka sili tu, hayo mengine mwezi ujao.

Siku tisa. Asubuhi nyingine ya hasi 27, rimoti, wingu jeupe, resi. Na sili mpya ikaenda.

Simu ile ilikuwa kwenye spika na watu wawili waliisikia. Lakini haikurekodiwa, na hapa fundi naye abebe mzigo wake. Hakuandika. Risiti inasema sili, oili, kazi, basi. Hakuna mstari unaosema mteja ameshauriwa hivi akakataa. Angeuandika na bidada akatia saini chini yake, leo angeipiga picha risiti na stori ingeishia hapo. Uzembe huu Waswahili wanauita kuaminiana. Kwenye nchi ambayo mtu anakushitaki kwa chai ya moto, kuaminiana kunaandikwa. Na kuna wanaosema alipaswa kukataa kabisa kazi ya nusu nusu. Wana hoja, ingawa ni rahisi kuitoa ukiwa huna kodi ya banda ya kulipa.

Lakini kutoandika risiti vizuri si wizi. Aliyetangazwa kuwa mwizi mbele ya ulimwengu ni mtu aliyetoa ushauri sahihi ukakataliwa.

Sasa njoo kwenye mahakama ya maoni, maana kule ndiko vichekesho vilipo. Chini ya ile klipu kila mtu ni injinia.

Kundi la kwanza ni la 20W-50. Hawa wanamwambia bidada aweke oili nzito, haitavuja. Ni ushauri wa gari kuukuu kwenye foleni ya Tazara saa nane mchana. Ile herufi W inasimamia majira ya baridi, na namba iliyo kabla yake inaonyesha oili inavumilia ubaridi kiasi gani. Oili ya 20W hupimwa uwezo wa kuzungushwa na stata kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na uwezo wa kuvutwa na pampu kwenye nyuzi 20 chini. Ya 0W hupimwa kwenye 35 na 40 chini. Kwa hiyo asubuhi ya hasi 27 ile 20W-50 iko nje kabisa ya mipaka yake. Ni kama kumwambia pampu inyonye asali ya jana kwa mrija wa juisi. Stata italia, betri itaisha, na kama bahati mbaya injini ikiwaka, itazunguka chuma kwa chuma mpaka oili iamke. Bidada akifuata ushauri huo hatakuwa na shida ya sili tena, maana hatakuwa na injini.

Kundi la pili linasema presha ya oili ndiyo imepasua sili. Limeshajibiwa juu. Oili nzito ya baridi ikipigwa resi inaweza kulisumbua gaskiti la filta, huko ndiko presha ya pampu inakofika. Sili ya nyuma ina kesi yake nyingine.

Kundi la tatu, na hili ndilo lenye watu wengi wenye kujiamini, limeona ule uji mweupe kwenye kifuniko na kutoa hukumu kwamba gaskiti ya silinda hedi imeungua na fundi kaficha. Nyumbani ukiona oili imekuwa chai ya maziwa, ndiyo, mara nyingi ni gaskiti. Kwenye baridi kali, na gari la safari fupi, uji kidogo chini ya kifuniko ni mvuke tu. Unaangalia maji ya rejeta: yanapungua au hayapungui? Unachomoa kijiti: oili ya huko chini ni safi au nayo ina maziwa? Kwenye video ya bidada mwenyewe, akiwa amekishika kijiti karibu na kamera kama mkufu, oili iliyoshika kwenye ncha ni nyeusi, safi, haina maziwa. Watu waliitazama hiyo video wakaona maziwa.

Halafu wapo wa dawa za chupa, zile za kuvimbisha sili. Zinaweza kulainisha mpira uliozeeka na kupunguza kuchuruzika. Sili iliyosukumwa ikatoka kwenye nafasi yake hairudishwi na dawa, kama ambavyo mlango uliovunjwa na wezi haurudi kwa kupakwa rangi.

Upande wa bidada kuna hoja moja ya maana, na ajabu ni kwamba hakuna hata shabiki wake mmoja aliyeitoa. Gari linalouzwa kwenye nchi ya theluji halipaswi kufa kwa sababu mtu kaenda dukani dakika tano. Mamilioni ya watu wanaendesha safari fupi, si wote wanatafuta kiki. Kuna matoleo ya magari ambayo bomba lake la kupumulia limepitishwa mahali penye upepo wa baridi moja kwa moja, au tundu lake ni dogo kiasi kwamba barafu kidogo inalitosha, na wapo watengenezaji ambao baada ya malalamiko ya Marekani na Kanada waliongeza muda wa dhamana kwa tatizo hili hili la kuganda na kuvujisha sili. Tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya kule, NHTSA, ni bure. Unaingiza modeli na mwaka, unasoma malalamiko ya wenye magari wenzako na barua ambazo watengenezaji wamewaandikia mawakala wao. Kwa mtu anayeishi kwa intaneti, hiyo ni kazi ya dakika kumi. Kama gari lake lina barua ya namna hiyo, pengine hata zile 1,400 zilikuwa na mtu mwingine wa kuzilipa.

Angeweza kusimama mbele ya kamera na kumlilia mtengenezaji. Kampuni yenye mawakili ghorofa nzima. Hakufanya hivyo. Alimchagua mtu mwenye banda, vijana wawili na kibao kilichoandikwa kwa mkono, kwa sababu huyo hawezi kumjibu kwa barua ya wakili, na kwa sababu kilio dhidi ya Mswahili mwenzako kinapata watazamaji haraka kuliko kilio dhidi ya bomba. Hesabu iko wazi hapo chini ya klipu. Video zake za kawaida zinapata elfu kumi na kitu. Ya kilio imepita milioni.

Wanaomtetea wanasema kila mteja ana haki ya kulalamika hadharani, na mafundi matapeli wapo tele. Kweli wapo. Wapo wanaobadilisha kisichoharibika, wanaouza spea ya kwenye gari la mwingine, wanaokuonyesha sili kuukuu iliyotoka gari la juzi. Mtu akitapeliwa na hao aseme, ataje, apige kelele. Ila ukisema, sema yote. Sema fundi alikuambia nini kwenye simu na wewe ukamjibu nini. Bidada kaposti dakika nne na nusu, na hiyo simu haimo. Ameulizwa kwenye maoni zaidi ya mara moja kama fundi hakumshauri chochote. Hao waliouliza kawazuia.

Staa wa Bongo Fleva naye kaambiwa na watu wake wa karibu kwamba stori ina upande wa pili. Posti yake bado ipo. Wiki iliyopita alikuwa anatangaza shoo ya Wabongo wa kule kule Minnesota mwezi wa tano, na waandaaji, kwa kutokujua au kwa kutokujali, walipita kwenye gereji ya jamaa kuomba abandike bango dirishani. Akabandika.

Gari la bidada kwa sasa liko gereji nyingine, ya Wazungu, upande wa kusini mwa mji. Bili inasemekana imepita dola 1,900. Imeandikwa sili ya nyuma, bomba jipya la kupumulia, vali ya PCV na sponji la kuzuia baridi, na chini kabisa kuna mstari unaomshauri mteja asiwashe gari na kulizima bila kuliendesha. Bidada katia saini. Juzi asubuhi kaposti video mpya, yuko nyuma ya usukani kwenye barabara kuu, hita imewashwa, anaimba. Kawaandikia wafuasi wake kwamba amegundua siri ya kulinda injini wakati wa baridi na ataitoa kwenye laivu ya Jumapili.